Robo Maili ya Kitui: Mbio Tayari Tunazo, Uwanja Ndio Hatuna

Wasee, leo tuongee ukweli. Ukitoka Nai Ijumaa jioni kupitia Thika Road na Matuu, ukafika Kanyonyoo ukakata kona ya Kitui, kuna sauti utaisikia kabla ufike ocha. Pa-pa-pa-paaa! Subaru imetokea nyuma kama imetumwa, taa full, inakupita mahali huoni mbele, halafu inapiga risasi kwa ekzosi ikipotelea kwa kona. Ndani ya matatu mama mmoja anasema "Ngai!" na kijana wa siti ya nyuma anasema "Huyo ni noma!" Wameona kitu kimoja, kila mtu na dini yake.

Sasa kama unadhani mbio za dragi ni mambo ya watoto wa mabwenyenye wa Runda na Karen, enda Matinyani. Hapo Kitui West, wadi ya watu wa kulima mahindi na ndengu, hakuna mtu ana Nissan GT-R. Lakini simama kando ya lami jioni boda zikiwa zimepunguza kazi. Wawili wanapangana, mmoja na Boxer, mwingine na TVS. Mtu wa tatu anainua mkono. Mkono ukishuka, jamaa wanalala juu ya tangi, tumbo kwa petroli, miguu imenyooka nyuma, ili upepo usiwashike. Hakuna helmeti. Hakuna aliyefunga barabara. Mita mia nne mbele kuna punda amebeba mitungi ya maji na mtoto wa shule nyuma yake.

Hiyo ni dragi, buda. Vyombo viwili, mstari mmoja, wa kwanza kufika ameshinda. Kitu inakosekana ni kila kitu kingine.

Tuanze na mchezo wenyewe, juu wengi wetu tunaujua kwa filamu za Vin Diesel tu. Dragi ya kawaida ni robo maili, yaani mita 402, kutoka kusimama kabisa. Hakuna kona, hakuna mizunguko. Mnapanga magari mbele ya mti wa taa, taa za njano zinashuka, ya kijani ikiwaka mnaenda. Ukiruka kabla ya kijani, nyekundu inawaka na umelima. Mashine zinapima vitu vitatu: ulichukua muda gani kuitikia taa, gari ilichukua sekunde ngapi mpaka mwisho, na ilikuwa spidi gani ikivuka mstari. Karatasi inatoka imechapishwa. Hakuna ubishi wa "nilikuwa mbele kidogo, uliza Mutua."

Huko juu kabisa Marekani kuna daraja inaitwa Top Fuel. Hizo si gari tena, ni roketi zenye tairi. Injini zinachoma nitromethani, zinatoa nguvu ya farasi zaidi ya 11,000, na zinapita kilomita 530 kwa saa ndani ya chini ya sekunde nne. Zilikuwa na kasi mbaya mpaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufa huko New Jersey, wakapunguziwa umbali kutoka mita 402 hadi mita 305. Yaani wenye mchezo wenyewe, wenye pesa na mafundi, waliona mtu amekufa wakakata barabara. Weka hiyo kwa kichwa, tutairudia. Na kabla msee akuambie huu ni mchezo wa wanaume, Shirley Muldowney alibeba taji la Top Fuel 1977, akalibeba tena 1980 na 1982.

Sisi tuko na Subaru. Impreza WRX STI za Japani zenye injini ya lita mbili ziliandikwa farasi 280, na sio bahati kwamba Lancer Evo pia ziliandikwa 280. Kampuni za Japani zilikuwa na makubaliano ya kistaarabu kwamba hakuna atakayetangaza zaidi ya hapo, na yakashika mpaka 2004. Kwa makaratasi wote walikuwa sawa. Kwa lami, kila mtu alijua kuna mtu anadanganya. Gari ya hivyo, ikiwa na afya, inamaliza robo maili kwa sekunde 13 na kitu. Probox ya 1.5 yenye farasi kama 109 inaweza kuchukua 17 au 18. Tofauti ni sekunde nne hivi. Kwa mdomo ni kitu kidogo, kwa macho ni kama mmoja ameondoka jana.

Halafu kuna hesabu ambayo fundi wako wa kuchuni gari hatakuambia, juu haimletei doh. Nilisoma engineering semista tatu kabla fee kunishinda, na hii ndio ilibaki. Ukiwa kilomita 100 kwa saa na punda aingie barabarani, utatembea kama mita 42 kabla mguu ufike kwa breki, halafu mita 55 zingine ukifunga breki kwa lami kavu. Jumla mita 97, umesimama. Ukiwa 180, unahitaji kama mita 254. Sawa, hiyo umeshasikia. Lakini angalia hii: pale mahali yule wa 100 amesimama kabisa, wewe wa 180 bado uko kilomita 168 kwa saa. Haujapunguza hata robo. Breki umekanyaga, moyo umesimama, gari bado inaenda.

Na hesabu hiyo ni ya tairi nzuri. Nani Matinyani ako na tairi nzuri?

Takwimu za NTSA zinasema mwaka wa 2023 barabara za Kenya ziliua watu 4,324. Mwaka wa 2024 wakawa 4,748. Wengi kila mwaka ni watu wa miguu, halafu watu wa pikipiki. Sio wote wameuliwa na mbio, usinishike vibaya. Kuna walevi, kuna usingizi, kuna malori bila taa. Lakini spidi iko hapo ndani kila mwaka, na ukiangalia hiyo orodha vizuri, anayekufa mara nyingi si yule alikuwa anakimbia. Ni mtu alikuwa anatoka sokoni.

Kwetu mambo yamebadilika na lami. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui na kwenda mpaka Migwani, karibu kilomita 192, imefungua Ukambani yote. Kitu ilikuwa inachukua nusu siku ya vumbi sasa ni masaa. Hakuna mtu anataka kurudi nyuma. Ila lami ilikuja bila maagizo. Kijana aliyefunzwa kuendesha kwa murram, ambapo mashimo yenyewe yalikuwa gavana wa spidi, amepewa kitu laini na nyoofu, na hakuna aliyemwambia kwamba shimo ndio lilikuwa linamlinda.

Serikali inajibu namna gani? Kamera, karao na faini. Kwa zile kanuni za 2016, ukizidisha kilomita moja hadi tano unapewa onyo, sita hadi kumi ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000, na ukipita hapo unaenda kortini. Ukiua mtu kwa kuendesha vibaya, Sheria ya Trafiki inasema hadi miaka kumi ndani. Na bima? Soma mkataba wako. Mingi inasema wazi kwamba ukiwa kwa mashindano, ukigonga, hiyo ni shida yako na ya baba yako. Yote hayo ni sawa na lazima yawe. Lakini karao wa Kitui West hawezi kukaa kila mita ya lami kila jioni, na vijana wanajua zamu yake kuliko yeye.

Hapa ndio nataka tusafiri kidogo. California, miaka ya vita vikuu vya pili kuisha. Wasee wamerudi kutoka jeshini na ujuzi wa injini na pesa kidogo, magari ya zamani ni bei ya kutupa, barabara ni nyoofu. Kila wikendi ni mbio barabarani na kila wikendi ni matanga. Magazeti yanapiga kelele, wabunge wanataka kupiga marufuku kila kitu. Mwaka wa 1951 jamaa anaitwa Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA na wazo moja tu: hawa vijana hawataacha, kwa hivyo watoeni barabarani muwape mahali. Mashindano yao rasmi ya kwanza yakafanyika 1953 huko Pomona.

Halafu 1954 wakafanya kitu ambacho sijui kwa nini hatufundishwi huku. Walichukua gari moja, trela moja na watu wanne, mmoja wao Bud Coons aliyekuwa sajini wa polisi wa Pomona, wakazunguka Marekani mji kwa mji wakifundisha wenyeji jinsi ya kuandaa dragi salama. Jinsi ya kukagua gari, kupima muda, kuzuia watazamaji. Unajua huo msafara ulikuja kuitwaje? Safety Safari. Neno letu hilo, maze! Mpaka leo kikosi cha usalama cha NHRA kinaitwa hivyo. Na 1955 mashindano yao ya kwanza ya kitaifa yakafanyika Great Bend, Kansas, mji mdogo wa wakulima wa ngano, kwa uwanja wa ndege uliojengwa wakati wa vita na kubaki bila kazi. Hawakungoja wajengewe kitu cha mabilioni. Walipata saruji iliyolala, wakaiamsha.

Mji mdogo wa wakulima. Sijui kama unaona ninachoona.

Usidhani na sisi hatujawahi kupita njia hiyo. Safari Rally yetu, ile ilianza 1953, kwa miaka mingi ilikuwa inakimbia kwa barabara zilizo wazi. Ndio, wazi, na ng'ombe na matatu na mama wa sukuma wiki. Timu kubwa zilikuwa na helikopta juu kuonya dereva kuna nini mbele. Ukambani wazee bado wanasimulia vumbi lile. Mwaka wa 2002 ndio ikawa mara ya mwisho ikiwa kwa mashindano ya dunia, na iliporudi 2021 kule Naivasha, ikaja na barabara zilizofungwa, na mipango ya usalama minene kuliko Biblia. Tukaona Sébastien Ogier akishinda, mwaka uliofuata Kalle Rovanperä. Watu walijaa, hoteli zikajaa, na pesa ya umma ikaingia hapo ndani bila aibu. Kwa hivyo msiniambie Kenya haijui kufunga barabara na kuweka ambulensi. Inajua. Imeamua tu nani anastahili kufungiwa.

Huko upande wa Kiambu kuna Kiamburing TT, jina limechezea Nürburgring ya Ujerumani, lakini hiyo ni gari moja moja kukimbizana na saa kwa kona, sio dragi. Na mashindano ya dragi yenyewe yamekuwa yakifanywa hapa na pale Kenya, siku moja, lami ikifungwa, halafu basi mpaka tena. Yanakuwa karibu na Nai. Msee wa Matinyani ataenda na nini, na ataacha boda ikilala siku mbili?

Afrika Kusini wako na Tarlton, uwanja wa dragi wa miaka mingi nje ya Johannesburg. Kama una cousin anafanya sekyuriti Doha, muulize kuhusu Qatar Racing Club, atakuambia mafuta yakiwa bei rahisi watu hufanya nini nayo.

Lakini wewe utaniuliza, na ni swali la haki: huo uwanja si utakuwa wa wenye Subaru tu? Sisi wa Probox na Boxer tutaenda kupiga makofi?

Hapana, na hapa ndio roho ya hii stori. Kuna aina ya dragi inaitwa braketi, na ndio imebeba huu mchezo Marekani kwa vile mtu yeyote anaweza kuingia na gari aliyoendea nayo sokoni. Iko hivi. Kabla ya mbio unaandika kwa kioo muda ambao gari yako itachukua. Probox inaandika 18.00. Subaru inaandika 13.50. Taa ya Probox inawaka sekunde nne na nusu mapema. Kila mtu anaenda, na kinadharia mnafika pamoja. Nani anashinda? Yule alijua gari yake vizuri na akaitikia taa haraka. Na kuna mtego: ukimaliza kwa muda mfupi kuliko ulioandika, umelima. Kwa hivyo huwezi kudanganya ukaandika 20 ili upewe nafasi kubwa.

Sasa weka Probox ikimaliza kwa 18.04 na Subaru kwa 13.46. Subaru imefika kwanza kwa mstari, mashabiki wamepiga nduru, turbo imepiga filimbi. Halafu ubao unaonyesha Subaru imevunja namba yake. Mshindi ni Probox. Ya kubeba miraa. Dereva wake anashuka pole pole akitafuna kitu.

Ukielewa hiyo umeelewa kwa nini nadhani braketi ingewaka Ukambani. Haihitaji doh ya kununua turbo. Inahitaji mtu anajua chombo chake: gia ya pili inachoka wapi, tangi ikijaa inapunguza nini, jua la saa nane linafanya injini ikose pumzi kiasi gani. Nani anajua hivyo kuliko jamaa anayeendesha Boxer moja masaa kumi na mbili kila siku? Na mkipanga daraja la boda peke yake, helmeti na jaketi ni lazima mlangoni, utakuwa umefanya kitu mabango ya usalama barabarani yameshindwa: utampa kijana sababu yake mwenyewe ya kununua helmeti.

Uwanja unahitaji nini hasa? Sio Naivasha. Mita 402 za kukimbia, na nafasi ya kusimama. Ukivuka mstari kwa kilomita 200 kwa saa na ufunge breki kwa upole, unakula kama mita 390 kabla usimame. Ongeza za dharura na mchanga mwisho, uko kama kilomita moja na robo ya lami nyoofu, na njia ndogo ya kurudi kando. Na hata hiyo si lazima kuanza nayo. Nusu yake, mita 201, ni dragi halali inayokimbiwa dunia nzima. Kwa mita 201 hata STI haijafika mbali sana na 130. Hapo ndio ile stori ya 2008 inarudi: kupunguza umbali sio aibu. Uzio wa watazamaji, zimamoto, ambulensi yenye mtu anajua kazi, mkaguzi wa magari, na kibali cha shirikisho la mchezo wa magari. Ambulensi ndio itakula pesa. Sherehe za Mashujaa 2025 zilikuja Ithookwe na Kitui ikasafishwa kwa wiki chache, kwa hivyo mambo ya haraka yanawezekana mtu mkubwa akiwa anakuja.

Sitawadanganya kwamba mbio za barabarani zitaisha. Marekani ina viwanja vingi na bado watu wanakimbizana usiku barabarani. Kuna msee anapenda dragi na kuna msee anapenda kuvunja sheria, na huyo wa pili uwanja haumsaidii, anasaidiwa na kamera. Pia kuna watu watasema unaanza kwa kuwapa kiwanja na unaisha ukiwa umewafundisha kwenda mbio zaidi. Wanaosema hivyo wengi ni wazazi waliozika, na mimi siwezi kuwacheka. Ninachojua ni kwamba jioni hii, saa hii, mkono unainuliwa kwa lami na hakuna mtu amefunga barabara.

Na kwa wale wanaosema hii ni kazi ya Nairobi, fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kazi za kaunti. Kipengele cha nne ni utamaduni na burudani za umma. Hapo, kati ya kamari na leseni za pombe, limewekwa neno moja tu: mbio. Pengine walikuwa wanafikiria farasi wa Ngong. Lakini hawakuandika farasi. Na chini yake kidogo kuna michezo na viwanja vyake. Kazi ni ya kaunti.

Kila kaunti lazima ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wanaita wananchi kutoa maoni, ile mikutano ya wadi ambayo wazee kumi huenda kunywa soda na kurudi. Ikiitwa Matinyani, mbogi ya boda nzima iingie. Mbebe ukurasa mmoja: mahali mnapotaka, mita ngapi, siku ngapi kwa mwaka, nani atakagua helmeti. Mwenyekiti wa stegi aweke sahihi na namba ya simu, na muombe nakala yenye muhuri, juu bila muhuri hiyo karatasi itafunga mandazi.